Makanisa na Upatanisho wa Sudan, 1972
Jina la Hai Jalaba, mtaa wa Juba, linatokana na jalaba, yaani wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Sudan. Linatukumbusha uhusiano wa kaskazini na kusini, ambao uliharibiwa na vita vilivyoanza mwaka 1955. Mwaka 1964, serikali ya Jenerali Ibrahim Abboud iliwafukuza wamisionari wa kigeni kutoka kusini.

Wakristo huamini kwamba mwanadamu alipokosa, Mungu ndiye aliyetangulia kumtafuta na kusema naye. Kwa njia ya Kristo alimpatanisha na nafsi yake, kisha akawakabidhi waumini kazi hiyo ya upatanisho. Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote yaliifanya kwa vitendo: yalizungumza na serikali ya Khartoum na wapiganaji wa kusini, mpaka pande hizo zikakutana Addis Ababa. Burgess Carr, kasisi kutoka Liberia, alikuwa msuluhishi. Mkataba ulitiwa saini Februari 1972.

Amani ilidumu miaka 11 tu. Mwaka 1983, Rais Nimeiri aliigawa kusini na kutangaza sheria za Kiislamu, vita vikarudi. Kwa hiyo, saini peke yake haitoshi. Waliopatana wanapoacha kusikilizana, uhusiano hufa tena, kama imani isiyo na sala.