Wilaya ya Rungwe

Rungwe ni wilaya ya milimani katika Mkoa wa Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania. Makao makuu yake ni Tukuyu, mji wa mvua na ukungu ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Udongo wa volkeno na ubaridi vinaifaa sana chai: wachumaji hukata majani mawili na chipukizi, nayo hupelekwa kwenye kiwanda, kama kile cha Katumba, kabla hayajaharibika. Migomba huzunguka nyumba za Wanyakyusa, wenyeji wa wilaya hii. Watalii huenda Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta, na Daraja la Mungu, mwamba unaovuka Mto Kiwira. Katika Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, watafiti walimgundua kima aitwaye kipunji mwaka 2003. Hata hivyo, wawindaji wenyeji walikwisha kumjua kima huyo tangu zamani.