Marashi ya Kiume: Tunanunua Harufu au Jina?

Vijana wenzangu, marashi ya majina makubwa yanatumalizia mshiko. Mimi niliyeishia kidato cha nne, na ninayehangaika na riwaya yangu ya kwanza, nimeona tuyapime kwa historia.

Mwaka 1709 akina Farina, Waitaliano, walifungua duka mjini Cologne, Ujerumani. Maji yao yenye harufu ya malimau na machungwa yakaubeba mji huo duniani. Yalikuwa ghali kwa haki, kwani mafuta yake yalitoka kwenye matunda na maua yenyewe.

Kisha kemia ikaingia. Mwaka 1868 Mwingereza William Perkin alitengeneza kumarini maabara. Mwaka 1882 Houbigant ya Paris ikaitia katika Fougère Royale, mama wa marashi mengi ya wanaume. Basi harufu ikaanza kupikwa viwandani. Leo sehemu kubwa ya chupa ni alkoholi tu, bwana!

Je, tunaibiwa? Si mara zote. Mwaka 1966 Edmond Roudnitska aliitungia Dior Eau Sauvage kwa hedioni, kemikali yenye unyevunyevu wa asumini. Huo ni utunzi. Nami nikiuza riwaya, siuzi karatasi na wino.

Lakini anayeiga mwenzake kisha akabandika jina kubwa, huyo anauza kibandiko. Pemba hukamuliwa mafuta ya makonyo ya karafuu, malighafi ya manukato. Jina la mchumaji haliandikwi kwenye chupa yoyote. Mlipe mtunzi, ndugu yangu. Jina lisikulipishe.