Boriti ya ukingo

Ukienda kununua mbao Kadutu, hapa Bukavu, usiombe "ubao wa pembeni". Pembeni hutaja mahali, si kazi. Ubao unaozunguka sakafu ya ghorofa hufunga vichwa vya boriti, huzizuia zisipinduke, tena hupokea uzito wa ukuta wa juu. Hiyo ni kazi ya boriti. Basi tuuite boriti ya ukingo. Muuzaji akilisikia jina hilo hatakuletea ubao wa dari. Kimo cha boriti ya ukingo kilingane na cha boriti za ndani, nayo iwe kavu: mti mbichi husinyaa, ukuta ukabaki umelalia boriti za ndani pekee. Bukavu ni mji wa miteremko, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilibomoa nyumba hapa; basi ubao usiofaa ukingoni ni hatari kwetu. Mafundi wetu, tumieni jina hili.