Esile na Osotua: Habari za Kutunza Wazee Ulaya, Marekani na Kwetu

Wazee wetu wa Rombo wanazijua njia mbili za kupeana ng'ombe. Esile ni deni: aliyepewa hana budi kulipa. Osotua, neno lenye maana ya kitovu, ni udugu: mwenye shida huomba kadiri ya shida yake, wala hakuna ahesabuye alichotoa. Twaona mataifa makubwa nayo yamepita njia hizo hizo.

Mwaka 1883 Bismarck wa Ujerumani aliweka bima ya ugonjwa, na mwaka 1889 malipo ya uzeeni kwa waliofikia miaka 70. Mfanyakazi alichanga, na tajiri wake akachanga. Haikuwa huruma tupu. Bismarck alitaka wafanyakazi wasiwafuate wasoshalisti. Uingereza ilichukua njia ya pili. Mwaka 1908 iliwapa wazee maskini hadi shilingi tano kwa juma kutoka katika kodi, na tarehe 5 Julai 1948 ikafungua matibabu kwa wote. Gharama yake ni kodi nzito, na wagonjwa kungoja zamu kwa muda mrefu.

Marekani, mwaka 1935, ilifuata njia ya kuchanga, ikawaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani, ambao katika majimbo ya kusini wengi walikuwa Weusi. Waliingizwa katika miaka ya 1950. Kodi ya huko ni nyepesi kuliko ya nchi nyingi za Ulaya, lakini hata leo mamilioni hawana bima ya matibabu.

Kenya nayo ilianza na wenye mshahara: NSSF mwaka 1965, NHIF mwaka 1966. Mchungaji hakuwa na tajiri wa kumkata senti. Ilipofika mwaka 2018 ndipo Serikali ilipoanza kuwapa shilingi 2,000 kwa mwezi wenye miaka 70 na zaidi wasio na malipo mengine ya uzeeni, bila kuwauliza walichanga nini. Hiyo ni osotua ya taifa, ingawa ni ndogo.

Osotua ya nyumbani ina udhaifu wake: katika ukame wa 2009 na wa 2022, mwombaji na mwombwa walifiwa na mifugo pamoja.

Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya, SHIF, humkata mwenye mshahara asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa mali ya nyumba yake, naye halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa wafugaji swali ni moja: ng'ombe watahesabiwa kabla ya ukame, au baada yake?