Mlango wa Soko na Kitenge cha Kisangani

Kila sikukuu ya parokia inapokaribia, swali lilelile hurudi katika jumuiya zetu za Masako: tununue kitenge gani? Cha SOTEXKI, kiwanda cha mji wetu, au kile kilichotoka Asia, chenye bei nafuu? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna historia ndefu. Yafaa tuijue kabla ya kumlaumu mwuzaji au mnunuzi.

Hata Kiswahili tunachosali kilifika kwenye Maporomoko pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, iliyotafuta pembe za ndovu na kuteka watumwa. Biashara ilituletea lugha, ikatuletea na minyororo. Mwaka 1885 mataifa yaliyokutana Berlin yalitangaza kwamba bonde la Kongo litakuwa wazi kwa wafanyabiashara wa nchi zote, na bidhaa zitaingia bila ushuru. Lakini kuanzia 1891 utawala wa Leopold II ulijitwalia mpira na pembe za misitu yetu. Mlango uliitwa wazi, na faida yote ilitoka nje. Mfua chuma wa kijijini hakubakiwa na akiba ya kuboresha kazi yake. Muda wake na nguvu zake zilimalizikia katika kutafuta mpira.

Miaka ya 1970 SOTEXKI ilianzishwa hapa Kisangani. Mji ulikuwa na umeme wa maporomoko ya Tshopo, na upande wa Uele pamba ilikuwa ikilimwa tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitatwaliwa na kukabidhiwa Wazairwa. Wengi waliopewa mali hizo hawakuijua kazi. Maduka yakabaki matupu. Kisha bei ya shaba ikaanguka, na fedha za kigeni zikaadimika. Tujifunze hapo: kiwanda kisichopata vipuri na rangi kutoka nje hakiwezi kubuni kitu kipya, hata kama hakina mshindani. Kumfukuza mgeni hakumfanyi mwenyeji kuwa fundi.

Mwaka 1983 nchi ilishusha thamani ya fedha yake na kulegeza masharti ya biashara. Ulifuata uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita. Toka 1998 mto ulifungwa kati yetu na Kinshasa kwa miaka kadhaa, na mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita. Kiwanda kilichopita katika moto huo kilikutana sokoni na vitambaa vya viwanda vilivyokuwa na barabara na umeme.

Wanauchumi wanatufundisha kwamba ushindani una nyuso mbili. Aliye karibu na mshindani wake hukaza mwendo na kubuni zaidi, asije akapitwa. Aliyeachwa mbali sana hupoteza faida. Na faida ndiyo inayolipia mashine mpya, wachoraji na majaribio ya rangi. Ikikauka, kiwanda hurudia michoro ya zamani hadi kinapofunga. Kwa hiyo mlango uleule humwamsha mmoja na kumwangusha mwingine.

Papa Paulo VI aliliona jambo hili mwaka 1967, katika waraka wake Populorum Progressio. Alifundisha kwamba biashara huru peke yake haitoshi kuleta haki pale ambapo wanaouziana hawana nguvu sawa. Hakudai milango ifungwe. Alidai haki iwe kipimo cha mapatano.

Tukumbuke mfano wa talanta. Bwana aliwapa watumishi kila mmoja kadiri ya uwezo wake, akawapa muda mrefu, kisha akarudi kudai hesabu. Yafaa serikali ifanye vivyo hivyo: ikilinde kiwanda kichanga au kilichojeruhiwa kwa muda unaojulikana, ikipe umeme na barabara, kisha idai hesabu. Ulinzi usio na siku ya hesabu ni talanta iliyozikwa. Na kufungua mlango pasipo kutoa muda ni kudai faida kwa mtumishi ambaye hakupewa kitu.

Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Malango mengine yanafunguka, na wengi wenu mnajifunza ushonaji, useremala na ufundi wa simu. Hamtaulizwa kama mwataka ushindani. Basi jiandaeni.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Katika kazi tunayoijua, ni nini kinachotuacha nyuma: uvivu wetu, au vitu tulivyonyimwa?
2. Tukinunua kwa fundi wa kwetu, tunamdai ubora gani?
3. Kikundi chetu kinaweza kuweka akiba gani ili mmoja wetu apate chombo bora mwaka huu?