Kinu cha Bethesda

Huku Rungwe kinu si kitu kigeni. Ndiyo maana, nilipowafundisha walimu wanafunzi hapa Tukuyu, nilianzia kwenye kinu kueleza jinsi jeni zilivyosomwa.

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wetu, Marshall Nirenberg na Mjerumani Heinrich Matthaei, huko Bethesda, Marekani, walisaga bakteria pamoja na unga wa alumina kwenye baridi ya nyuzi 5, ili vilivyomo visiharibike. Seli zilipasuka zikafa, lakini majimaji yake yaliendelea kutengeneza protini. Wakayatilia RNA ya kuundwa, yenye herufi moja tu, U, iliyorudiwarudiwa. Ikatoka protini ya asidi amino moja tu, fenilalanini. Neno la kwanza la lugha ya jeni likawa limesomeka.

Mikono iliyofanya jaribio lile ilikuwa ya Matthaei. Tuzo ya Nobel ya 1968 walipewa Nirenberg, Robert Holley na Har Gobind Khorana. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Safari ile pete ilikiruka chanda.

Mwalimu mwenzangu, unaposifu jibu sahihi darasani, uliza pia ni nani aliyesaga na kuosha vyombo. Naye mtaje kwa jina.