Rangi za Mabomu: Nini Maana Yake, na kwa Nini Mwananchi Asizitegemee

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

WILAYA za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, zinapakana na Mkoa wa Dar es Salaam, na kila mwaka mashamba, machimbo ya mchanga na viwanja vipya vya makazi vinazidi kufunguliwa. Kazi hizo huibua vyuma vya kila aina kutoka ardhini, na si kila chuma kinachookotwa ni cha kupimwa kilo na kuuzwa.

Tahadhari hiyo ina historia yake. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha katika kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ya 671 KJ, Mbagala, yalilipuka. Usiku wa Februari 16, 2011 ilifuata milipuko katika kambi ya 511 KJ, Gongo la Mboto, pembezoni mwa barabara iendayo Pugu na Kisarawe. Katika kila tukio watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na mabomu yaliruka mbali na kambi na kuangukia makazi ya watu. Mengine yaliangukia humo bila kulipuka, na wananchi waliagizwa wasiyaguse hadi wanajeshi wayaondoe.

Katika mazingira ya namna hiyo huzuka swali moja: je, rangi iliyopakwa kwenye bomu inaweza kumwonesha mtu kama bomu hilo ni hai au ni la mazoezi lisilo na baruti? Jibu ni kwamba rangi zina maana, lakini maana hiyo iliwekwa kwa ajili ya wataalamu wanaolitoa bomu ghalani likiwa na kumbukumbu zake kamili. Haikuwekwa kwa ajili ya mpita njia anayelikuta vichakani.

Maana ya rangi

Mfumo unaojulikana zaidi duniani ni ule wa Marekani na nchi za Umoja wa Kujihami wa NATO, unaoongozwa na makubaliano ya umoja huo namba 2321. Kwa mabomu na roketi za ndege za kijeshi, rangi kuu ni hizi:

Njano: ndani mna baruti kali ya kulipua. Bomu la ndege aina ya Mk 82, lenye uzito wa takriban kilo 227, huwa na rangi ya kijani iliyofifia na mkanda wa njano karibu na kichwa.

Kahawia: kuna baruti ya nguvu ndogo, mara nyingi ile inayosukuma roketi au kombora.

Bluu ya mwanga: silaha ya mazoezi.

Rangi ya shaba: kifaa cha kufundishia kisicho na baruti.

Nyekundu huashiria silaha ya kuwasha moto, nyeupe ya kuangaza usiku, kijani cha mwanga ya kutoa moshi, na kijivu kemikali.

Kwa orodha hiyo, mtu anaweza kudhani kwamba kazi imekwisha: njano ni hatari, bluu ni salama. Dhana hiyo imebeba makosa manne.

Kosa la kwanza: bluu si sawa na salama

Silaha ya mazoezi si lazima iwe tupu. Bomu dogo la mazoezi aina ya BDU-33, lenye uzito wa takriban kilo 11, hupakwa bluu. Hata hivyo, ndani yake huwekwa baruti kidogo ya kutoa moshi ili rubani aone mahali lilipoangukia. Baruti hiyo, ikiwa haikuwaka bomu lilipoanguka, inaweza kuwaka mkononi mwa aliyeliokota na kumjeruhi vibaya. Bomu la BDU-50, kwa upande mwingine, nalo ni la bluu, lakini hujazwa kitu kizito kisicholipuka. Rangi ni moja, yaliyomo ni tofauti.

Kosa la pili: kifaa kimoja huweza kuwa na hali mbili

Roketi ya ndege yenye kipenyo cha milimita 70 huundwa kwa sehemu mbili kuu, yaani kichwa na injini. Kichwa kinaweza kuwa cha bluu, cha mazoezi, ilhali injini yenye mkanda wa kahawia imejaa baruti ya kusukuma. Anayetazama kichwa peke yake atasema ni roketi ya mazoezi. Atakayeitupa motoni au kuikata kwa msumeno atagundua kwamba nusu ya pili ilikuwa hai.

Kosa la tatu: si nchi zote zinatumia mfumo mmoja

Silaha nyingi zilizofika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960 ni za muundo wa Kisovieti na Kichina. Katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, ndege za Idi Amin zilishambulia maeneo ya mkoa huo, na Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikusudia kuupiga mji wa Mwanza, lakini mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Ndege hizo zilikuwa za muundo wa Kisovieti.

Mabomu ya ndege ya muundo huo mara nyingi hupakwa kijivu, na utambulisho wake hutegemea zaidi herufi na tarakimu. Kwa mfano, bomu linaloitwa FAB-250 ni bomu la kulipua la takriban kilo 250. Anayeyasoma kwa kanuni za NATO atapotoka, kwa kuwa katika mfumo wa NATO kijivu huashiria kemikali.

Kosa la nne: rangi haidumu

Jua, mvua, moto na kutu huondoa rangi. Bomu lililopita katika moto wa ghala huweza kubaki jeusi tupu. Baruti iliyomo ndani haipotei pamoja na rangi ya nje, na vifaa vya kulipulia vilivyochakaa huweza kuwa wepesi zaidi wa kufyatuka.

Funzo kutoka Ngara

Novemba 8, 2017, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Wanafunzi watano walifariki dunia na wengine zaidi ya 40 kujeruhiwa. Mwanafunzi aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Tukio hilo linawahusu moja kwa moja wazazi, walimu na wanunuzi wa vyuma chakavu mahali popote nchini.

Afanye nini mwananchi?

Anayekuta kitu kinachofanana na bomu, roketi au risasi kubwa, bila kujali rangi yake, azingatie haya:

1. Asikiguse, asikisogeze, asikirushie mawe, asikimwagie maji wala kukichoma moto.

2. Arudi kwa njia ileile aliyojia, awaondoe watoto, na aweke alama inayoonekana akiwa mbali na kitu hicho.

3. Asipige simu akiwa karibu nacho. Asogee mbali kwanza.

4. Atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mtendaji, kituo cha polisi kilicho karibu, au apige namba ya dharura 112.

5. Aeleze mahali kilipo, ukubwa wake, umbo lake, na rangi au maandishi aliyoyaona kwa mbali.

Hapo ndipo rangi inapomfaa mwananchi. Akisema ameona mkanda wa njano au herufi za kigeni, anawasaidia wataalamu wa mabomu kujiandaa kabla hawajafika. Rangi ni sehemu ya taarifa anayoitoa. Uamuzi wa kwamba kitu hicho ni hai au si hai si wake, na hadi mtaalamu atakaposema vinginevyo, kila bomu lihesabiwe kuwa hai.